Mnyweo wa Mzunguko: Nukta Tuli katika Hisabati na katika Mifumo ya Maumbile

Makala hii inakusudia kueleza, kwa Kiswahili, dhana moja ya hisabati iliyopata umbo lake la sasa mwanzoni mwa karne ya 21, ingawa mizizi yake ni ya zamani zaidi. Dhana hiyo tunaiita mnyweo wa mzunguko. Msomaji haimlazimu awe mwanahisabati. Ikiwa anakumbuka hesabu za shule ya sekondari ataweza kutufuata hadi mwisho. Swali linalotushughulisha ni hili: mfumo unaohama kutoka hali moja hadi hali nyingine, kisha ukarudi, kisha ukahama tena, je, utatulia? Na kama utatulia, utatulia katika nukta moja au katika zamu isiyokoma?

Kwanza yatupasa kukubaliana juu ya maneno. Kifaransa, ambacho ndicho lugha ya mafundisho katika vyuo vyetu vikuu, hutumia neno moja kwa msuli unaokaza, kwa uchungu wa mama anayejifungua, kwa chuma kinachopungua urefu kikipoa, na kwa jambo la hisabati tunalolieleza hapa. Kiswahili kina maneno mengi zaidi: kukaza, kusinyaa, kufinyana, kunywea. Tumechagua kunywea kwa kuwa walimu wa fizikia husema kwamba chuma hutanuka kikipata moto na hunywea kikipoa. Lakini msomaji aelewe tangu mwanzo kwamba kinachonywea katika hisabati si kitu, bali ni umbali ulio kati ya vitu viwili. Mhamisho ni kanuni inayotwaa kila nukta ya seti fulani na kuipeleka kwenye nukta nyingine. Nukta tuli ni ile ambayo mhamisho hauisogezi. Na mhamisho huitwa mnyweo ikiwa ipo namba k, ndogo kuliko 1, ambayo umbali wa nukta zozote mbili baada ya kuhamishwa hauzidi umbali wao wa awali ukizidishwa kwa k.

Mfano wa kale ni wa ramani. Tuseme mtu ametandaza ramani ya Kongo sakafuni mjini Lubumbashi, ramani ya skeli ya 1 kwa 2,000,000. Kila mahali nchini pana nukta yake juu ya karatasi, na karatasi yenyewe imelala ndani ya nchi. Kwa hiyo twaweza kusema kwamba ramani inahamisha kila mahali pa nchi hadi mahali pengine pa nchi hiyo hiyo, yaani hapo sakafuni, huku ikipunguza umbali mara milioni mbili. Kanuni aliyoitoa Stefan Banach katika tasnifu yake ya mwaka 1920 mjini Lwów, ikachapishwa mwaka 1922, inatuhakikishia kwamba ipo nukta moja ya ramani, na ni moja tu, iliyolala sawasawa juu ya mahali inapopawakilisha. Ukiizungusha ramani au ukiisogeza chumba cha pili, nukta hiyo itabadilika, lakini haitakosekana.

Uzuri wa kanuni ya Banach ni kwamba haisemi tu kuwa nukta tuli ipo. Inatupa na njia ya kuifikia. Anza popote, hamisha, kisha hamisha tena kile ulichopata, na uendelee. Hatua ya kwanza ikiwa na urefu fulani, ya pili haizidi k mara urefu huo, ya tatu haizidi k mara k, na kadhalika. Ikiwa k ni nusu, baada ya hatua 10 kosa lililobaki halizidi sehemu moja ya 512 ya hatua ya kwanza. Sharti ni kwamba nafasi tunamotembea iwe timilifu, maana yake isiwe na matundu: mfuatano wa nukta zinazozidi kukaribiana lazima uwe na mahali pa kufikia.

Sasa tuje kwenye mzunguko. Mwaka 2003 W. A. Kirk wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, pamoja na P. S. Srinivasan na P. Veeramani wa Uhindi, walichapisha makala waliyouliza ndani yake: je, ni lazima mhamisho upunguze umbali wa nukta zote? Walichukua seti mbili, A na B, na mhamisho T unaopeleka kila nukta ya A ndani ya B, na kila nukta ya B ndani ya A. Nukta hupokezana zamu kama wapiga kasia. Kisha wakadai sharti la kunywea pale tu ambapo nukta moja imetoka A na ya pili imetoka B. Juu ya nukta mbili zilizo upande mmoja hawakudai lolote. Sharti limepungua sana, na hata hivyo jibu halikupungua: ikiwa nafasi ni timilifu, na seti zote mbili ni funge, yaani zinamiliki mipaka yake, basi T ina nukta tuli moja tu, nayo imo ndani ya A na ndani ya B pia.

Uthibitisho wake ni mfupi, nasi tutaueleza kwa sababu humo ndimo ilimo faida yote. Anza na nukta ya A. Ihamishe: imekwenda B. Ihamishe tena: imerudi A. Nukta mbili zinazofuatana daima ziko pande mbili tofauti, kwa hiyo sharti linazigusa kila mara, na hatua zinafupika kwa k kila zamu. Mfuatano una kikomo. Lakini nukta za mfuatano huo zisizo na idadi zimo A, na nyingine zisizo na idadi zimo B, nazo zote zinakikaribia kikomo hicho hicho. Kwa kuwa seti ni funge, kikomo kimo katika zote mbili. Tazama kilichotokea: hatukuambiwa hapo awali kwamba A na B zinakutana. Mwendo wenyewe umetuonyesha kwamba zinakutana. Ukiisha kujua hivyo, sehemu iliyobaki ni kanuni ya Banach ile ile, ikitumiwa ndani ya eneo la makutano. Kwa maoni yetu, msomaji anayekutana na makala nyingi zilizoandikwa baadaye juu ya minyweo ya kila namna angefanya vema kuuliza swali hili kwanza: ni kipi hapa ambacho Banach hakukitoa? Katika makala ya mwaka 2003 jibu liko wazi. Katika nyingi nyingine halionekani.

Jambo la pili la kuangalia ni mwendelezo. Mnyweo wa Banach hauwezi kuruka ghafla. Nukta zilizo jirani hubaki jirani. Mnyweo wa mzunguko unaweza. Chukua A kuwa namba zote kutoka −1 hadi 0, na B kuwa namba zote kutoka 0 hadi 1. Ikiwa namba ni wiani, igeuze alama na uigawe kwa 2. Ikiwa si wiani, igeuze alama na uigawe kwa 4. Mhamisho huu unarukaruka kila mahali isipokuwa kwenye sufuri, maana namba za aina hizo mbili zimechanganyika kama mchanga na chumvi. Lakini umbali wa nukta ya kushoto na nukta ya kulia ni jumla ya umbali wa kila moja kutoka sufuri, na kila mmoja wa umbali huo unapungua angalau kwa nusu. Sharti limetimia, na nukta tuli ni sufuri. Ukiiondoa sufuri katika seti zote mbili, seti haziwi funge tena, na nukta tuli inatoweka, ingawa hakuna kingine kilichobadilika.

Mifano hii ni ya karatasini. Lakini zamu ya namna hii ilikuwako katika hisabati ya vitu vya maumbile muda mrefu kabla ya mwaka 2003. Mwaka 1870 Hermann Schwarz alitaka kujua jinsi joto tulivu linavyosambaa katika umbo lililoundwa na duara na mstatili vilivyopandana. Duara peke yake alilijua, na mstatili peke yake aliujua; umbo la pamoja ndilo lililomshinda. Akatatua katika duara, akachukua thamani zilizopatikana kwenye mpaka wa mstatili, akatatua humo, akarudi kwenye duara na mpaka mpya, na hivyo akaendelea. Masahihisho yalizidi kuwa madogo kila zamu. Sharti lake lilikuwa kwamba sehemu hizo mbili zipandane.

Mfano ulio wazi zaidi kwa macho ni wa mistari miwili inayokatana. Chora mstari A ukiwa mlalo na mstari B ukiwa na pembe ya digrii 45. Simama juu ya A, umbali wa 16 kutoka makutano. Angusha mstari wima hadi B. Kisha kutoka hapo angusha mstari wima hadi A. Umefika kwenye 8. Rudia: 4, kisha 2, kisha 1. Twaweza kuhakikisha kwa hesabu ya shule kwamba huu ni mnyweo wa mzunguko kamili, na kwamba k yake ni kosaini ya pembe, si zaidi wala si pungufu. Kwa digrii 45 ni karibu 0.707 kwa kila hatua, ambayo kwa hatua mbili ni nusu. Pembe ikiwa ni ya mraba, unafika kwa hatua moja. Lakini pembe ikiwa ya digrii 10, yahitajika hatua zipatazo 150 ili kupunguza kosa mara kumi. Na ikiwa ya digrii 1, hatua zaidi ya 15,000. Kanuni inasema utafika. Haikuahidi kwamba utafika kabla ya usiku.

Kila mlinganyo wa daraja la kwanza wenye visivyojulikana viwili ni mstari, na milinganyo miwili ya namna hiyo ni mistari miwili. Jibu ni makutano. Mwaka 1937 Stefan Kaczmarz, naye pia wa Lwów, alichapisha kwa Kijerumani makala ya kurasa tatu akionyesha kwamba milinganyo mingi yaweza kutatuliwa kwa kuipitia mmoja mmoja hivyo hivyo, kwa zamu, na kurudi mwanzo. Makala hiyo ilikaa kimya kwa miongo kadhaa. Mwaka 1970 Gordon, Bender na Herman waliifikia njia hiyo hiyo wenyewe, walipokuwa wakitafuta namna ya kuunda picha ya ndani ya kitu kutokana na miale iliyopita ndani yake.

Hapo ndipo jambo hili linapotugusa sisi tusio wanahisabati. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley jijini London, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo kwa mashine aliyoibuni Godfrey Hounsfield. Mwaka 1979 Hounsfield alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyeanza kulifikiria tatizo hilo alipokuwa akifanya kazi Cape Town. Mashine ya kwanza ilipima miale 160 katika kila moja ya pembe 180, yaani vipimo 28,800. Picha ilikuwa na vijisanduku 80 kwa 80, yaani visivyojulikana 6,400. Kila kipimo ni mlinganyo mmoja. Milinganyo ni mingi kuliko visivyojulikana, na kila kipimo kina kosa lake dogo. Kwa hiyo seti zinazotakiwa kukutana hazikutani kamwe.

Je, mwendo wa zamu hufanya nini pale ambapo hakuna makutano? Swali hili lilijibiwa, kwa seti mbili, na A. Anthony Eldred na P. Veeramani mwaka 2006. Waliligeuza sharti kidogo: badala ya kudai kwamba umbali unywee kuelekea sufuri, walidai unywee kuelekea umbali ulio mfupi kuliko wote kati ya A na B. Chukua A kuwa namba kutoka −2 hadi −1, na B kutoka 1 hadi 2. Nukta ya A igeuze alama, ongeza 1, gawa kwa 2. Nukta ya B igeuze alama, toa 1, gawa kwa 2. Ukianza na 2, utapata −1.5, kisha 1.25, kisha −1.125, na utazidi kukaribia zamu ya 1 na −1. Nukta tuli haipo, wala haiwezi kuwapo. Kilichopo ni nukta mbili zinazotazamana ng'ambo ya pengo, kila moja ikiwa karibu na mwenzake kadiri iwezekanavyo. Eldred na Veeramani walithibitisha jambo hili kwa nafasi ambazo tufe lake ni la mviringo pande zote, bila sehemu iliyo bapa. Nafasi tuliyoizoea, ya urefu, upana na kimo, ni mojawapo.

Hata hivyo lazima tumtahadharishe msomaji. Si kila kitu kinachokwenda na kurudi ni mnyweo wa mzunguko, na maandishi mengine hulitumia jina hili kwa wepesi mno. Tuseme mgonjwa anakunywa miligramu 400 za dawa kila baada ya saa kadhaa, na katika muda huo nusu ya dawa iliyomo mwilini hutoka. Baada ya dozi ya kwanza ana 400. Kabla ya ya pili ana 200. Kisha 600, 300, 700, 350, na mwisho mfumo unatulia katika zamu ya 800 na 400. Zamu ipo, kutulia kupo. Lakini tazama hatua zenyewe: 200, 400, 300, 400, 350, 400. Hatua zinarefuka na kufupika, ilhali katika mnyweo wa mzunguko hatua haiwezi kuwa ndefu kuliko iliyoitangulia. Kinachonywea hapa ni duru nzima, kutoka dozi hadi dozi, nayo inanywea kwa nusu kwa maana ile ile ya Banach. Anayetaka kuueleza mfumo huu hana haja ya kanuni ya mwaka 2003. Henri Poincaré alikwisha kufundisha mwishoni mwa karne ya 19 kwamba mwendo unaojirudia huchunguzwa kwa kuutazama mara moja tu katika kila mzunguko.

Turudi kwenye picha ya ubongo, maana humo seti si mbili bali ni maelfu. Mfano mdogo kuliko yote ni wa mistari mitatu inayounda pembetatu yenye pande zilizo sawa, kila upande ukiwa na urefu wa 9. Mistari hii inakutana miwili miwili, lakini hakuna mahali ambapo yote mitatu inakutana. Anza kwenye ncha, angusha mstari wima hadi upande wa pili, kutoka hapo hadi upande wa tatu, na uzunguke. Katika kila upande pima umbali uliobaki hadi ncha iliyo mbele yako. Utapata 9, kisha 4.5, kisha 6.75, 5.625, 6.1875, na kuendelea, namba zikipanda na kushuka kuizunguka 6. Kila hatua kosa linapungua kwa nusu. Lakini 6 hiyo si nukta moja: ni nukta tatu, moja katika kila upande, na mwendo utazizunguka milele. Mwanafunzi mwenye rula na karatasi anaweza kuliona jambo hili kwa dakika 10.

Sasa mtu aliyezoea kanuni ya Banach, akiona namba zinatulia kwenye 6, atasema amepata jibu. Jibu gani? Akisimama baada ya kupitia upande wa kwanza ana nukta moja, akisimama baada ya wa pili ana nyingine. Katika mashine ya hospitali tofauti hiyo ni tofauti ya picha, na picha ndiyo anayoitazama daktari. Tena mpangilio wa zamu una uzito: ukizunguka pembetatu kwa upande wa kinyume, nukta tatu za mwisho si zile za kwanza.

Kwa seti mbili tulipata faraja kwamba zamu ya mwisho ina maana: ndiyo inayopima pengo fupi kuliko yote. Watu walitumaini kwa muda mrefu kwamba kwa seti tatu au zaidi pia itapatikana hesabu fulani ya umbali ambayo zamu ya mwisho huifanya kuwa ndogo kuliko zote. Mwaka 2012 J.-B. Baillon, P. L. Combettes na R. Cominetti walithibitisha kwamba hesabu hiyo haipo. Hawakusema kwamba haijapatikana bado. Walionyesha kwamba haiwezi kupatikana. Mzunguko wa seti tatu unatulia mahali, lakini mahali hapo hapaelezeki kuwa pazuri kuliko pengine kwa kipimo chochote cha namna hiyo.

Wanaotumia njia ya Kaczmarz katika kazi za kila siku wana mbinu yao. Badala ya kwenda hadi kwenye mstari, huenda sehemu tu ya njia, tuseme moja ya kumi, kisha wakageukia mstari unaofuata. Mwaka 1983 Censor, Eggermont na Gordon walionyesha kwamba kadiri sehemu hiyo inavyofanywa ndogo, ndivyo nukta za zamu zinavyosogeleana, hadi zikaribie nukta moja inayopunguza jumla ya miraba ya makosa, kila kosa likiwa limepewa uzito wake. Katika pembetatu yetu nukta hiyo ni kitovu, kilicho mbali sawasawa na pande zote tatu. Gharama yake ni mwendo wa polepole. Ndiyo sababu mojawapo iliyofanya mashine za miaka ya 1970 ziiache njia hii upesi na kuchukua nyingine iliyo ya haraka zaidi, na njia za kurudiarudia zikangoja hadi karne ya 21, kompyuta zilipokuwa na nguvu ya kutosha, ndipo zikarudi hospitalini.